Tengeni Miti ya Chemka Kabla ya Kupima Viwanja

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Hai, Waheshimiwa Madiwani, Mkurugenzi Mtendaji na maofisa ardhi na mipango miji wa wilaya

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu chemchemi ya Chemka, ambayo wengine huiita Kikuletwa, iliyoko Kata ya Rundugai. Ombi langu nalitanguliza, ili hata atakayeishia hapa awe amelisikia: kabla ya kiwanja kingine chochote kupimwa kuizunguka chemchemi ile, litengwe eneo la kijani, liwekewe mawe ya mipaka, lipitishwe na baraza lenu na litangazwe kisheria. Viwanja vipimwe baadaye, miti na maji vikiwa vimeshapata sehemu yao.

Nimechagua barua ya wazi kwa sababu uamuzi huu unawagusa watu wengi wasiohudhuria vikao vyenu: wakulima wa Rundugai, wafugaji wanaonywesha mifugo chini ya mkondo, vijana wa Moshi na Arusha wanaokwenda kuogelea Jumapili, na watoto ambao bado hawajazaliwa. Simshitaki mtu. Kama mpango wa namna hii tayari umo kwenye mafaili ya wilaya, basi barua hii ichukuliwe kuwa ombi la kuutoa nje, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji, watu wausome na kuusemea.

Anayeshuka kutoka Boma Ng'ombe kwenda Chemka huacha lami na kuingia kwenye vumbi. Huku na huku ni tambarare kavu, miti ya miiba, mbuzi wanaotafuta kivuli. Kisha panatokea ghafla kichaka kizito cha miti mirefu, na ndani yake maji ya samawati, maangavu kiasi kwamba unahesabu mawe yaliyo chini. Ukitazama pale yanapochimbukia, utaona mchanga ukitikisika taratibu. Mizizi ya mikuyu imeteremka mpaka ndani ya maji, mingine minene kuliko paja la mtu mzima, ikaushika ukingo wote. Fundi hakuujenga ukingo ule, na fundi hawezi kuujenga upya kwa saruji ukiporomoka. Tumbukiza miguu na utulie. Samaki wadogo watakuja kukudonoa nyayo.

Maji yale ya uvuguvugu yana safari ndefu. Mvua inyeshayo kwenye miteremko ya milima yetu mikubwa hupenya katika miamba ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikaibukia huku tambarare. Ikishatoka Chemka huingia Mto Kikuletwa. Kikuletwa humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Na kutoka hapo ni Mto Pangani mpaka baharini, ukizungusha njiani mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kwa hiyo diwani wa kata ya mbali anayeona jambo hili ni la Rundugai peke yake, naomba alitazame upya. Mkikata mikuyu ya Chemka, hasara yake haitaishia kwenye mpaka wa kata.

Sasa watu wameijua njia. Wageni wanaoshuka kutoka kilele cha Kilimanjaro huletwa Chemka kupumzisha miguu. Sikukuu za Pasaka, Idi na Krismasi magari hufuatana. Kuna wanaochoma kuku, wanaouza soda na wanaokodisha maboya, na mimi nawafurahia wote, kwa kuwa riziki yao ni halali. Uwanja wa ndege wa KIA uko ndani ya wilaya yenu hiyo hiyo. Barabara kuu ya Arusha na Moshi inapita Boma Ng'ombe. Mwaka 1967 sensa ilihesabu Watanzania milioni 12.3, mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mji hautafika Chemka. Utafika. Kinachobaki ni kuamua utakuta nini.

Tunajua sote miji yetu inavyokua. Kwanza inakuja njia, halafu kibanda, halafu sehemu ya kuegesha magari, halafu mtu ananunua kipande kwa mkataba wa karatasi mbele ya mashahidi, halafu ukuta. Mpango unafika mwisho kabisa, kwa jina la urasimishaji, na kazi yake inakuwa kuchora kile ambacho kimeshajengwa. Hapo ofisa mipango miji hana tena pa kuweka bustani. Anatafuta barabara ya kupitisha gari la zimamoto na hata hiyo haipati. Kila mkazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha anaweza kukuonyesha eneo la wazi lililokuwa kwenye mchoro na sasa lina ghorofa. Chemka bado haijafika huko. Ndiyo maana naandika sasa.

Nawaomba mnisindikize kidogo Ulaya, kwa sababu huko kuna miji iliyojengwa juu ya chemchemi za tiba kwa karne nyingi, na mambo yake yanatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka miji 11 ya aina hiyo, kutoka nchi 7, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia: Baden-Baden na Bad Kissingen za Ujerumani, Bath ya Uingereza, Vichy ya Ufaransa, Spa ya Ubelgiji, Karlovy Vary ya Jamhuri ya Cheki, na mingineyo. Ukisoma sababu za kuiorodhesha, utakuta majengo ya kuogea ni sehemu tu. Bustani, njia za miguu na misitu inayoizunguka miji hiyo vimehesabiwa kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Daktari wa karne ya 19 alimwandikia mgonjwa maji, na pamoja na maji akamwandikia kutembea chini ya miti. Karlovy Vary peke yake ina zaidi ya kilomita 100 za njia za msituni. Baden-Baden ina njia ya bustani kandokando ya mto Oos yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, na hoteli zake za kifahari ziliwekwa zielekee bustani hiyo. Mgeni anayelipa pesa nyingi hulipia kile kilichoko nje ya dirisha.

Mji ninaotaka mkae nao zaidi ni Mariánské Lázně, nao uko Jamhuri ya Cheki. Mwanzoni mwa karne ya 19 pale palikuwa bonde la kinamasi lenye chemchemi baridi, mali ya monasteri ya Teplá. Daktari wa monasteri, Johann Josef Nehr, aliamini maji yale yanaponya. Mkuu wa monasteri, Karl Reitenberger, akaamua pawe na mji. Mwaka 1817 alimwita mtunza bustani aitwaye Václav Skalník. Tazameni mpangilio wa kazi ulivyokuwa. Skalník alikausha kinamasi, akaelekeza vijito, akapanda miti, akachora njia, akaacha katikati ya bonde wazi. Nyumba za wageni zilipangwa pembeni, zikaizunguka bustani. Mwaka 1818 pakatangazwa kuwa mahali pa tiba kwa umma. Ndani ya miaka michache mshairi wa Kijerumani Goethe alikuwa anakwenda huko kila kiangazi, na baadaye Mfalme Edward VII wa Uingereza akawa mgeni wao wa mara kwa mara. Skalník mwenyewe akaja kuwa meya wa mji.

Bustani ile bado ipo katikati ya mji, miaka 200 baadaye, baada ya vita viwili vya dunia na mabadiliko ya serikali ambayo sisi hatuwezi hata kuyahesabu vizuri. Imedumu kwa sababu ilitangulia. Kila jengo lililokuja lilikuta mpaka umeshawekwa, na aliyetaka kuuvunja ilibidi abomoe kitu ambacho mji mzima ulikuwa unakitegemea kwa chakula. Huo ndio ushahidi ninaouweka mbele yenu kuhusu utaratibu: kijani kikianza, majengo hujipanga; majengo yakianza, kijani hukosa mahali.

Kuna ushahidi mwingine, na huu ni mchungu. Katika nchi hiyo hiyo uko mji wa Teplice, ambao ulikuwa maarufu kwa chemchemi za moto kuliko miji mingi ya Ulaya. Mtunzi wa muziki Beethoven na Goethe walikutana huko mwaka 1812. Februari 1879, wachimbaji wa makaa ya mawe katika mgodi wa Döllinger, nje kabisa ya mji, walitoboa mwamba uliokuwa umebeba maji. Mgodi ukafurika na wachimbaji zaidi ya 20 wakafa. Siku chache baadaye chemchemi kuu ya Teplice ilikauka. Watu waliamka wakakuta shimo. Ilibidi wachimbe kuyafuata maji yaliyoshuka, na tangu hapo ikabidi yavutwe juu badala ya kujitokea yenyewe.

Hakuna aliyekuwa amegusa chemchemi. Kosa lilifanyika mbali, chini ya ardhi, na watu waliokuwa wakifanya kazi halali. Nawasimulia habari hii kwa sababu najua, tukizungumzia kulinda chemchemi, akili ya wengi wetu huenda kwenye mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetufundisha hizo mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa, na imefanya kazi nzuri. Lakini Chemka hailishwi na mita 60 zinazoizunguka. Mtu anaweza kuziheshimu zote, akajenga hoteli hatua moja nje ya mpaka, akachimba kisima kirefu cha kumwagilia nyasi na kujaza bwawa lake la kuogelea, akachimba na karo la maji taka ndani ya ardhi ile ile inayopitisha maji kirahisi. Kwa karatasi hana kosa. Kwa maji ameshaleta madhara mawili.

Waingereza waliliona jambo hili kwa mji wa Bath. Sheria ya Bunge lao ya mwaka 1982, iliyohusu kaunti ya Avon, inamtaka mtu anayetaka kuchimba kupita kina fulani ndani ya maeneo yaliyotajwa atoe taarifa kwanza, ili chemchemi zisidhurike. Maana yake ni kwamba mpango wa mji unachorwa mara mbili: juu ya ardhi na chini yake. Sisi tuna pa kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu kutangaza maeneo ya hifadhi ya vyanzo vya maji na kudhibiti uchimbaji wa visima. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ina makao yake Moshi, mwendo mfupi kutoka ofisini kwenu. Wataalamu wake wakae meza moja na maofisa wenu wa mipango miji kabla mstari wa kwanza haujachorwa.

Nchi nyingine ninayotaka muichunguze kwa makini ni Poland, kwa sababu huko jambo hili limeandikwa kwa namba ndani ya sheria. Poland ina miji na vijiji zaidi ya 40 vyenye hadhi rasmi ya chemchemi za tiba, vinavyotawaliwa na sheria ya tarehe 28 Julai 2005. Kila mji au kijiji hugawanywa katika kanda tatu. Kanda A ni kiini: chemchemi, majengo ya tiba, bustani. Hapo maeneo ya kijani hayaruhusiwi kupungua chini ya asilimia 65, na ni marufuku kujenga viwanda au nyumba mpya za makazi. Kanda B inaizunguka A, nayo kijani chake hakishuki chini ya asilimia 50. Kanda C ni ya nje, na humo angalau asilimia 45 ya ardhi lazima ibaki ikiota mimea, bila lami wala saruji. Halmashauri ikipewa hadhi hiyo inatakiwa kupitisha mpango wa kina wa Kanda A ndani ya miaka 2. Na hadhi yenyewe si ya milele: angalau kila baada ya miaka 10 lazima wathibitishe upya serikalini kwamba bado wanastahili. Mji uliokula miti yake unaweza kupoteza jina lake.

Upande wa fedha nao umefikiriwa. Mgeni anayelala katika mji huo hulipa ada ya chemchemi kwa kila siku. Halmashauri inakusanya, na serikali kuu inaongeza ruzuku inayolingana na ada zilizokusanywa. Diwani wa huko hawezi kuambiwa na mwekezaji kwamba bustani haiingizi kitu, maana anaona kwenye vitabu vya hesabu kile inachoingiza.

Sisemi sheria ile haina dosari. Ilipopitishwa mwaka 2005, Kanda A ilitakiwa kuwa na asilimia 75 ya kijani na Kanda B asilimia 55. Mwaka 2011 namba zikashushwa hadi 65 na 50. Chukueni eneo la hekta 20: kwa asilimia 75 hekta 15 haziguswi, kwa asilimia 65 ni hekta 13. Hekta 2 zimeondoka kwa kalamu, hakuna aliyeshika panga. Tena asilimia ina ujanja wake. Mkuyu wa miaka mingi na ukoka uliopandwa jana kando ya maegesho vyote huhesabiwa kijani. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Hai isiishie kwenye asilimia. Orodhesheni miti yenyewe, mmoja mmoja, kila mkuyu ulio ukingoni mwa Chemka uwe na namba yake kwenye ramani, na kuukata kuwe ni uamuzi wa baraza zima, usiwe wa mtu mmoja mwenye muhuri.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya Wazungu. Mkoa wa Kilimanjaro haukujifunza kutenga ardhi kutoka Poland. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa Nusu Maili, katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na msitu mkubwa wa juu, ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo bila kuuingilia mlima. Wazee wetu walikuwa na mifongo iliyopitisha maji kutoka mtoni hadi migombani, yenye zamu, yenye wasimamizi, yenye faini kwa anayeiba maji usiku. Hiyo yote ni mipango ya matumizi ya ardhi na maji, hata kama haikuchorwa kwenye karatasi ya ofisini. Mtu wa Machame au Masama hahitaji kuelezwa kwa nini kipande fulani hakilimwi. Anahitaji tu kuona kwamba sheria inamshika na tajiri pia.

Basi mfanye nini? Nasema ninavyoona mimi, wataalamu wenu watanisahihisha.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imewapa ninyi, halmashauri, mamlaka ya kupanga. Itumieni kutangaza eneo la Chemka kuwa eneo la mpango, na kwa ardhi iliyobaki ya kijiji itumike Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka huo huo. Choreni kanda tatu kwa mfano wa kule nilikotaja, kwa vipimo vinavyofaa ardhi yetu. Kiini kiwe cha chemchemi, miti na mkondo, na ndani yake pasijengwe jengo la kudumu la biashara, hata liwe la nani. Vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo viwekwe nje ya kiini, upande ambao maji ya ardhini yanateremkia, navyo viwe vya tangi lililozibwa, linalonyonywa. Magari yaishie mbali, watu watembee. Gari likiegeshwa kila wiki juu ya mizizi, udongo hukandamizwa, maji na hewa havipenyi, na mti huanza kukauka kuanzia juu, miaka kadhaa baada ya kosa, wakati ambapo hakuna anayekumbuka nani aliegesha. Ni jambo dogo, na pengine ndilo litakaloiua Chemka kabla ya hoteli yoyote.

Kanda ya pili iwe ya huduma ndogo ndogo za wanakijiji: chakula, kupiga hema, kuuza matunda, kwa majengo mepesi na miti mingi. Hoteli na nyumba za wageni zielekezwe kanda ya tatu, au zaidi ya hapo, Boma Ng'ombe, ambako kuna umeme, barabara na watu wanaotafuta kazi. Mwekezaji atalalamika kwamba hawezi kuuza chumba kisichoona maji. Mwonyesheni picha za Mariánské Lázně.

Mipaka ya kiini isibaki kwenye mchoro. Mchoro hufungiwa kabatini, na kabati lina funguo. Iwekewe bikoni za saruji zinazoonekana, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na ardhi isajiliwe kwa namna ambayo mabadiliko ya matumizi hayawezi kupitishwa na ofisi moja bila mkutano wa hadhara wa wanakijiji. Na kiingilio anacholipa mgeni kigawanywe kwa kanuni iliyoandikwa: sehemu ya kijiji, sehemu ya halmashauri, na sehemu isiyoguswa kwa kazi nyingine, ya kupanda na kutunza miti na kulipa walinzi wake. Hesabu hizo zisomwe kijijini kila robo mwaka.

Nageukia jambo ambalo mipango mingi ya hifadhi katika nchi yetu imelikosea, nami sitaki barua yangu itumike kulikosea tena. Ardhi ile ina wenyewe. Kuna watu wanaolima pale, wanaochunga pale, waliozika wazee wao pale. Eneo la kijani lisiwe kisingizio cha kuwahamisha ili baadaye lije kampuni yenye jina zuri la utalii wa mazingira. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, uanze huko. Njia ya mifugo kwenda majini, chini ya mkondo, ichorwe kwenye ramani sawa na njia ya wageni. Anayepunguziwa shamba alipwe fidia kamili kabla mawe ya mipaka hayajasimikwa. Wanakijiji wakiwa na hisa katika kile kiingilio, watawalindia miti ile kuliko askari yeyote.

Vilevile, Chemka isizungushiwe bei. Miji ya chemchemi ya Ulaya, pamoja na uzuri wake wote, ilijengwa kwa ajili ya wafalme na matajiri, na hapo hatuna haja ya kuiiga. Leo kijana wa bodaboda kutoka Moshi na mtalii aliyevuka bahari wanaogelea katika maji yale yale. Jambo hilo lina thamani kubwa katika nchi yetu. Mpango wowote utakaowafukuza watu wa kawaida kwa kiingilio cha dola utakuwa umelinda miti na kupoteza sababu ya kuilinda.

Najua mtaulizwa kuhusu ajira na mapato, na swali hilo ni la haki. Halmashauri inahitaji pesa za madarasa na zahanati. Lakini fikirini mnachouza. Maji ya kuogelea yapo katika kila hoteli ya Arusha yenye bwawa na dawa ya klorini. Watu wanafunga safari na kula vumbi mpaka Chemka kwa sababu ya kivuli kile, mizizi ile, maji yanayotoka mwambani bila pampu. Ondoeni kivuli, mtabaki na dimbwi la uvuguvugu katikati ya kuta, na mgeni atakuja mara moja tu, apige picha, asirudi. Pesa inayokuja kutokana na kukata miti ni ya mwaka mmoja wa fedha. Madarasa yanahitaji matengenezo kila mwaka.

Wengine watasema barua haisimamishi saruji. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, alipata habari kwamba ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, palikuwa panapangwa kujengwa jengo la ghorofa 60. Alianza kwa kuandika barua: kwa ofisi za serikali, kwa mashirika, kwa balozi. Alitukanwa bungeni, aliambiwa ajifunze adabu za mwanamke wa Kiafrika. Aliendelea kuandika. Wafadhili wa nje wakajiondoa, jengo halikujengwa, na Uhuru Park ipo mpaka leo. Maathai alilazimika kupambana kwa sababu mpango wa ujenzi ulikuwa umeshatangulia. Ninyi mna nafasi ambayo Nairobi haikuwa nayo: kuamua kabla hakujatokea ugomvi, kabla hajatokea mwenye hati ya kudai fidia, wakati ardhi bado ina bei ambayo halmashauri inaimudu.

Naomba mambo matatu katika kikao chenu kijacho cha baraza. Suala la Chemka liwe ajenda inayojitegemea, lisiingizwe kwenye mengineyo. Utoaji wa vibali vya ujenzi na vya kubadili matumizi ya ardhi katika eneo linaloizunguka chemchemi usimamishwe kwa muda, mpaka mpango uwe umepitishwa. Na Mkurugenzi aagizwe kuwakutanisha wataalamu wa wilaya, Bodi ya Maji ya Bonde na mkutano wa kijiji, wote wakiwa Chemka kwenyewe, chini ya ile mikuyu, ramani ikiwa mezani.

Nanyi wananchi wa Rundugai na Hai nzima mtakaoisoma barua hii, mwulizeni diwani wenu alisimama upande gani siku ajenda hiyo ilipojadiliwa. Ni haki yenu, na muhtasari wa kikao ni mali ya umma.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi, mzaliwa wa Mkoa wa Kilimanjaro